Ngao ya Kijani na Ahadi ya Marejeo

Mwongozo wa serikali ya shirikisho ya Marekani kuhusu alama za barabarani una kifungu kifupi kinachostahili kusomwa kwa utulivu uleule tunaousomea ubeti wa kwanza wa utenzi. Kinahusu barabara za biashara, yaani njia zinazochepuka kutoka barabara kuu ya kitaifa, zikapita katikati ya mji na, mara nyingi, zikarudi kwenye barabara hiyo upande wa pili. Kinaagiza kwamba alama ya njia hizo iwe ngao yenye umbo na vipimo vya ngao ya barabara kuu. Kwamba maandishi yake yawe meupe juu ya kijani. Kwamba ibebe namba ya barabara iliyoizaa, pamoja na neno la kusema kuwa ni ya biashara na jingine la kusema kama inazunguka au inaishia mjini. Kisha kinaongeza katazo: jina la mfumo wa barabara kuu lisionekane juu ya ngao hiyo kwa hali yoyote ile.

Katazo hilo ndilo linaloipa alama nzima maana yake. Ngao ya barabara kuu ina kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu, rangi za bendera ya taifa, na jina la mfumo limeandikwa pale juu kwenye wekundu. Ngao ya biashara ni mtoto aliyepewa sura ya mzazi na namba ya ukoo, kisha akaandikiwa wosia wa kutorithi. Mahali pa jina pamewekwa neno la biashara. Wekundu na buluu vimeondolewa. Kilichobaki ni kijani, ambacho katika barabara za Marekani ni rangi ya vibao vya kuelekeza, vile vinavyotaja mji ulioko mbele na umbali wake. Kwa hiyo, kabla dereva hajaona duka hata moja, amekwisha kuelezwa uhusiano wote uliopo: njia anayoingia ni ndugu wa ile anayoiacha, haina hadhi yake, na imetumwa kumwongoza. Ni nembo chache za kiserikali zinazosema mambo matatu kwa uchumi wa rangi na wino kiasi hicho.

Mwongozo unatambua aina mbili za njia hizi, nami nitaziita kizingo na kichomozo. Kizingo kinachepuka, kinapita mjini na kurudi. Kichomozo kinaingia mjini na kuishia humo, na anayetaka kuendelea na safari hana budi kugeuza gari. Hoja yangu ni kwamba kizingo ni umbo la usimulizi, na kwamba katika istilahi zetu za uhakiki jamaa yake wa karibu zaidi ni mbinu rejeshi. Msimulizi anaiacha hadithi ya sasa, anaingia katika wakati uliotangulia, anakaa humo kwa muda, kisha anarejea kwenye hadithi mahali palipo mbele kidogo ya pale alipoondokea. Uzuri wa mji unaopitiwa ni jambo la maudhui, nao unaweza kuwapo au usiwepo. Ubora wa kizingo kama kazi ya fani hupimwa kwa jinsi kuondoka, kukaa na kurejea vilivyosukwa pamoja. Nitasoma hasa vizingo vya barabara ya I-40 katika jimbo la Arizona, barabara inayokwenda zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Barstow, California, hadi Wilmington, North Carolina, kwa sababu ni huko Arizona ambako umbo hili limejitokeza kwa ukamilifu ambao nadhani hata wahandisi wake hawakuukusudia.

Tukumbuke kwanza kwa nini umbo lilihitajika. Sheria iliyotiwa saini na Rais Eisenhower tarehe 29 Juni 1956 ndiyo iliyoufadhili mfumo wa barabara kuu za majimbo, barabara zisizo na taa za kuongozea magari, zisizo na makutano ya usawa mmoja, zisizo na mlango wa mtu unaofunguka juu yake. Sheria hiyohiyo inakataza vituo vya mafuta, migahawa na biashara nyingine ndani ya eneo la barabara yenyewe, isipokuwa katika sehemu chache zilizokuwapo kabla ya mwaka 1960. Matini kuu, basi, imeandikwa kwa kutoa nje karibu kila kitu anachokihitaji msafiri: chakula, kitanda, mafuta, fundi, mtu wa kuongea naye. Vilivyotolewa vinapaswa kurudishwa kwa njia fulani, na mfumo umebuni njia mbili. Ya kwanza ni vibao vya buluu vinavyosimama kabla ya njia ya kutokea, vyenye nembo za kampuni zisizozidi sita kwa kila kibao, za mafuta huku, za chakula kule. Kibao cha namna hiyo ni orodha tupu. Hakina wakati wala mahali, na moteli inayotajwa pale ingeweza kuwa popote kati ya bahari mbili. Njia ya pili ni ngao ya kijani, ambayo haitaji duka hata moja, bali inasema kwamba zipo kilomita kadhaa za mji, zina mwanzo na mwisho, na mwisho wake utakurudisha ulikokuwa ukienda. Buluu inaorodhesha, kijani kinasimulia.

Na kinachosimuliwa Arizona ni historia ya barabara yenyewe. Miji hii ilizaliwa na reli katika miaka ya 1880. Kingman na Holbrook zina majina ya wahandisi wa reli ya Atlantic and Pacific. Mwaka 1926 barabara ya Route 66 ilipitishwa katika miji hiyohiyo, sambamba na reli, na kwa karibu nusu karne ndiyo iliyowalisha wenye moteli, wenye migahawa na wenye gereji. Kisha I-40 ikajengwa kipande kwa kipande, ikiizunguka miji mmoja baada ya mwingine, hadi tarehe 13 Oktoba 1984 ilipoizunguka Williams, mji wa mwisho kabisa kupitwa katika urefu wote wa Route 66. Mwaka uliofuata Route 66 ilifutwa katika orodha ya barabara za kitaifa. Lakini lami haifutiki kwa azimio la mkutano. Sehemu zilizopita katikati ya miji zilibaki, zikavikwa ngao ya kijani, na hivyo ndivyo barabara ya zamani ilivyogeuka kuwa mchepuko ndani ya hadithi ya barabara iliyoiua.

Hapo ndipo ulinganisho na mbinu rejeshi unapopata uzito, na hapo pia ndipo unapohitaji kusahihishwa. Katika riwaya, hadithi ya sasa husimama ikimsubiri msimulizi arudi. Mhusika aliyeachwa na kikombe mkononi atakutwa nacho bado. Barabara kuu haisubiri. Malori uliyoyapita asubuhi yanakupita wewe ukiwa kwenye taa za mjini, na utakaporejea utakuta msururu mwingine usiokujua. Kizingo, kwa maana hiyo, ni mbinu rejeshi yenye gharama, na msomaji hulipa kwa muda wake halisi. Ndiyo sababu ahadi ya marejeo ni ya msingi kuliko kitu kingine chochote katika umbo hili: dereva aliyekwisha kuhesabu saa zake hadi Los Angeles atakubali kuchepuka pale tu anapojua kwamba mchepuko hautamrudisha nyuma.

Ahadi hiyo imeandikwa kwa namba, na kwa ustadi unaoweza kumpita msomaji mwenye haraka. Njia za kutokea kwenye I-40 huko Arizona hupewa namba kulingana na maili zilizohesabiwa kutoka mpaka wa magharibi wa jimbo. Kizingo cha Williams kinaanzia namba 161 na kuishia namba 165. Toa moja kwa nyingine: ni maili nne, zaidi kidogo ya kilomita sita, za barabara kuu utakazoziruka. Kizingo cha Ash Fork kinaanzia 144 na kuishia 146, mji mdogo, aya fupi. Dereva mwenye ramani anaweza kuujua urefu wa simulizi kabla ya kuingia, jambo ambalo mwandishi wa riwaya humficha msomaji wake kwa makusudi. Williams ina pia namba 163, katikati, inayoshuka moja kwa moja mjini. Ni mlango wa pembeni kwa mwenye kukata tamaa, au kwa mwenye kutaka kiini bila utangulizi. Kwa maoni yangu mlango huo unalegeza msuko, lakini nakiri kwamba wenye maduka wana haki ya kuwa na maoni mengine.

Mpito wenyewe ni kazi ya kasi. Nje ya miji, I-40 huko Arizona inaruhusu maili 75 kwa saa, yaani karibu kilomita 120, mwendo ambao macho husoma herufi kubwa tu. Njia ya kutokea inapindisha gari na kulipunguza, na kinachofuata kwa kawaida ni eneo la kati: kituo cha mafuta chenye paa refu, mgahawa wa kampuni, uwanja wa kuegesha malori, vyote vikiwa bado na ukubwa wa maandishi ya barabara kuu. Baada ya hapo vibao vinaanza kupungua kimo, majengo yanasogea karibu na lami, njia za waenda kwa miguu zinaonekana, na kufikia taa za kwanza dereva ameanza kusoma maandishi yaliyopakwa kwenye vioo vya milango. Kizingo kizuri hushusha ukubwa wa maandishi hatua kwa hatua hadi jicho lizoee. Kizingo kibaya hukutupa kutoka kibao cha mita kumi hadi katikati ya jamii inayoongea kwa sauti ya chini, nawe hujui pa kuangalia.

Williams na Winslow zina mbinu nyingine, ambayo naiona kuwa ya kishairi kuliko ya kinathari. Katika miji yote miwili kizingo kimegawanywa kuwa mitaa miwili sambamba, kila mmoja ukiwa wa upande mmoja. Huko Williams, anayekwenda mashariki hupita mtaa wa Route 66 na anayekwenda magharibi hupita Railroad Avenue, kando ya reli. Huko Winslow ni Mtaa wa Pili kwa mashariki na Mtaa wa Tatu kwa magharibi. Mshororo mmoja umekatwa vipande viwili, ukwapi na utao, kama ilivyo kanuni ya shairi la bahari ya kawaida. Tofauti ni kwamba msomaji wa shairi huvisoma vyote viwili kwa pumzi moja, ilhali dereva anapewa kimoja tu kulingana na alikotoka. Matini ni moja, namba ni moja, ngao ni moja, lakini wasafiri wawili wanaopishana mjini wamesoma mitaa tofauti, na kila mmoja anaweza kuondoka akidhani ameusoma mji.

Winslow ndiyo inayoonyesha jinsi jambo hilo linavyoweza kuwa na matokeo. Katika Mtaa wa Pili lipo jengo la La Posada, hoteli iliyosanifiwa na Mary Colter na kufunguliwa mwaka 1930 kwa ajili ya kampuni ya Fred Harvey iliyohudumia abiria wa reli ya Santa Fe. Uso wake wa heshima unatazama kusini, kwenye reli, kwa sababu mgeni aliyetarajiwa alishuka kwenye treni. Route 66 ilipita upande wa pili. Msafiri wa gari aliingia kwa mgongo wa nyumba. Hoteli ilifungwa mwaka 1957, ikageuzwa ofisi za reli, na ikarudi kuwa hoteli mwaka 1997. Wakati huo I-40 ilikuwa imekwisha kuizunguka Winslow, na jengo likawa na aina mbili za wageni, wa reli na wa kizingo, bila mlango uliowahi kufikiriwa kwa ajili ya mgeni anayetoka barabara kuu. Naona hapa kanuni ya utungo wa miji hii yote: kila njia mpya imeingia kupitia mgongo wa matini iliyotangulia, na kizingo ndicho kinachotupitisha hapo mgongoni tukaona mishono. Anayekwenda magharibi kwa Mtaa wa Tatu, kwa bahati mbaya, hakutani na uso wala mgongo.

Mita mia chache kutoka hapo, kwenye kona ya Mtaa wa Pili na Kinsley Avenue, kizingo kinaanza kujitafakari chenyewe. Mji umejenga bustani ndogo, iliyofunguliwa mwaka 1999, kwa heshima ya wimbo wa kundi la Eagles wa mwaka 1972 uliolitaja jina la Winslow. Kuna sanamu ya kijana mwenye gitaa aliyesimama kwenye kona. Nyuma yake pana ukuta wa matofali uliochorwa na John Pugh kwa ufundi wa kudanganya jicho: madirisha ambayo si madirisha, duka ambalo si duka, na ndani ya kioo cha duka hilo la kuchora, taswira ya lori jekundu la Ford lisilo na bodi likipita na mwanamke kwenye usukani, kana kwamba linapita nyuma ya mgongo wako wewe unayetazama. Dirisha la juu lina wapenzi waliokumbatiana. Jingine lina ndege tai aliyetua. Mwaka 2004 jengo lililokuwa nyuma ya ukuta huo liliungua. Ukuta ulinusurika. Kwa hiyo kinachosimama sasa ni uso wa duka lisilokuwepo, lenye kioo kisichokuwepo, kinachoakisi gari lisilokuwepo; na baadaye lori halisi jekundu lililetwa kuegeshwa palepale kando, ili mwenye kupiga picha apate na kitu chenyewe.

Ni rahisi kulicheka hilo kuwa ni biashara ya utalii, na kwa sehemu ndivyo lilivyo. Lakini tukilisoma kama fani, ukuta wa Winslow ni ufafanuzi sahihi wa kizingo kilichopo. Njia nzima ni uso wa mbele wa barabara ambayo nyuma yake imeteketea. Kioo kinachoakisi gari linalopita ni hamu ya mji uliopitwa, kwa kuwa ndicho kitu ambacho barabara kuu iliuchukulia: magari yanayopita mbele ya vioo vya maduka. Na kuweka sanamu ya mtu aliyesimama tu katikati ya matini inayohusu mwendo ni kinaya ambacho mwandishi stadi angejivunia. Kwenye lami ya makutano hayo imechorwa ngao kubwa ya Route 66, kubwa kuliko ngao yoyote iliyowahi kuning'inizwa kwenye nguzo wakati barabara hiyo ilipokuwa hai. Maandishi hukuzwa pale yanapokosa mamlaka.

Hapa niongeze neno kuhusu rangi ya kahawia. Katika miji hii ngao ya kijani mara nyingi huongozana na kibao cha kahawia, rangi ya maeneo ya kihistoria na ya mapumziko, kinachotangaza kwamba hii ni Route 66 ya kihistoria. Kazi hiyo ilianza kwa dhati Seligman, ambako kinyozi Angel Delgadillo na wenzake waliunda chama cha kuihifadhi barabara mwaka 1987. Rangi hizo mbili hazisemi jambo moja. Kijani kinasema: huku kuna huduma, pita, utarudi. Kahawia inasema: huku kuna kumbukumbu, kaa. Na kumbukumbu imeizidi huduma nguvu, hata maduka mengi sasa yanauza kumbukumbu yenyewe, fulana na vikombe vyenye namba ya barabara iliyofutwa. Mbinu rejeshi ikijua mno kwamba ni mbinu rejeshi hupoteza kitu fulani. Ash Fork, ambao hauna mengi ya kumwonyesha mgeni, unabaki kizingo safi zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Mfano wa kushindwa uko kwenye I-40 hiyohiyo, ila mashariki. Huko Winston-Salem, North Carolina, mwaka 1992 barabara kuu ilihamishiwa njia mpya kusini mwa mji, na ile ya zamani iliyopita katikati ikapewa ngao ya kijani. Kwa karatasi kila sharti lilitimia: namba ilibaki, njia ilichepuka, ilipita mjini, ilirudi. Lakini barabara hiyo ya zamani ilikuwa nayo ni barabara ya mwendo kasi, imezibwa pande zote, haina duka linalofungua mlango juu yake wala njia ya mtu wa miguu. Msomaji aliahidiwa wakati mwingine akapewa wakati uleule kwa lafudhi ileile, pembe zikiwa kali zaidi. Ni mbinu rejeshi isiyobadili sauti ya msimulizi, na msomaji hana jinsi ya kujua kwamba ameingia ndani yake isipokuwa kwa kusoma kibao. Wenyeji waliizoea, wakaipenda kwa namna yao, lakini jina lilikuwa uongo wa kifani. Njia hiyo ilifungwa ikajengwa upya, na ilipofunguliwa mwaka 2020 ilipewa jina la Salem Parkway. Ngao za kijani ziliondolewa. Sikusikitika. Sacramento, California, ina ndugu yake kwenye barabara ya I-80, naye ana kasoro hiyohiyo.

Kuhusu kichomozo sina mengi. Msomaji aliyesafiri kwa barabara ya TANZAM anaijua hali hiyo pale Ipogolo, ambako malori yanapita chini bondeni na mji wa Iringa umekaa juu kilimani: anayekwenda Mbeya hupanda, hufanya shughuli zake, na hushuka kwa mteremko alioupandia. Safari ya namna hiyo ina heshima yake, na Iringa inastahili kupandiwa. Ila kifani ni ziara, si simulizi, kwa kuwa njia ya kurudi inasoma maneno yaleyale kinyumenyume na msafiri anaachwa palepale alipoanzia.

Nimeiacha Holbrook mwisho kwa sababu ndiko ambako msuko umefanya jambo nisiloliona kwingine kwenye I-40 ya Arizona. Kizingo chake kinaunganisha njia za kutokea namba 285 na 289, na tofauti na Williams, hakikai upande mmoja wa barabara kuu. Ukiingia kwa 289 ukielekea magharibi, unafuata Navajo Boulevard kaskazini mwa I-40, kati ya moteli za kawaida zisizo na jambo kubwa la kusema. Kisha, kwenye namba 286, kizingo kinaikatiza barabara kuu iliyokizaa. Kwa sekunde chache matini mbili zinapita moja juu ya nyingine. Unauona msururu uliouacha ukikimbia kuelekea uendako, na unaendelea na mchepuko wako kwa hiari, mara hii ukijua unachokikosa. Ni uamuzi wa pili, na kizingo kinachomtaka msomaji aamue mara mbili kinamheshimu.

Baada ya hapo mwendo unashuka kweli. Barabara inateremka hadi kwenye jengo la mahakama ya kaunti la mwaka 1898, ambalo sasa ni makumbusho, kisha inakaribia reli na kukunja kulia kuingia Hopi Drive. Kona hiyo ni ya pembe mraba, na ndiyo ileile waliyoikata madereva wa Route 66. Hakuna mhandisi wa leo angeipitisha. Baada ya kona, magharibi mwa mji, inasubiri Wigwam Motel iliyojengwa na Chester Lewis mwaka 1950: vyumba kumi na vitano vya zege vyenye umbo la hema la pia, vimepangwa kuzunguka uwanja, na magari ya zamani yameegeshwa mbele yake. Lewis alinunua haki ya mchoro huo kwa Frank Redford wa Kentucky, na malipo yalikuwa sarafu za senti kumi zilizotumbukizwa na wageni kwenye redio za vyumbani, kila sarafu kwa nusu saa ya kusikiliza. Mwaka 1974, I-40 ilipouzunguka mji, moteli ilifungwa. Mwaka 1988 familia yake iliifungua tena. Mhakiki hana budi kusema kwamba hema hilo ni la watu wa nyanda za mbali mashariki, na kwamba kuliweka kwenye mtaa wenye jina la Wahopi, ambao tangu kale ni wajenzi wa nyumba za mawe, ni kuvaa vazi la kuazima mbele ya jirani asiyeulizwa. Doa hilo ni la maudhui, nalo halifutiki. Kimpangilio, hata hivyo, mahema yako mahali yanapopaswa kuwa: mbele kidogo yao ni namba 285, na simulizi inafikia kilele chake ikiwa imebakiza maneno machache tu kabla ya marejeo.

Mwenye kuingia kwa 285 akielekea mashariki anakisoma kizingo hicho kichwa chini: kilele kwanza, kisha kona, kisha moteli za kawaida hadi mwisho. Kwa hiyo namshauri msomaji atakayepata nafasi ashike gari Albuquerque, aelekee magharibi, aache vibao vyote vya buluu vimpite, na atokee kwa namba 289. Baada ya hapo akishuka Winslow na Williams atakuwa na kipimo cha kuzipimia. Kwangu Holbrook ni ya kwanza, Williams ya pili, na Winslow, pamoja na ukuta wake wa ajabu, ni ya tatu, kwa sababu huko nusu ya wasomaji hupitishwa mtaa usio na kitu.